Unywele Mweupe na Donge Lililojivika Ngozi

Kinyozi mstaafu hakuwahi kusimulia jambo likabaki na ukubwa wake. Akiumwa na mbu usiku, asubuhi mtaa ulipata habari za popo. Siku zake za kazi, kwa maelezo yake mwenyewe, aliwahi kumnyoa mtu haraka kiasi kwamba ndevu zenyewe hazikupata taarifa mpaka kesho yake, na yule bwana akashinda siku nzima akikuna kidevu kitupu. Watu walicheka, wakamwita muongo, kisha wakasogeza kiti ili wasikie vizuri.

Lakini kitu kimoja hakuna aliyekuwa na ubavu wa kukitilia shaka, maana kilikuwa pale pale usoni: nyusi zake. Kichwa kilikuwa cheupe pe, ndevu nyeupe, hata vinyweleo vya masikioni vilikuwa na mvi, ila nyusi zilikaa juu ya macho nene na nyeusi tii, kama mapaa mawili yaliyoezekwa jana. Akiulizwa, mara alipigwa na radi utotoni ikaziunguza zikakoma kuzeeka. Mara alizaliwa nazo vile vile, mkunga akaona aibu akamwamkia shikamoo.

Ukweli ulikuwa ndani ya kopo bapa nyuma ya kabati lake. Kila alfajiri, kabla mtu hajaamka, alichukua mswaki mkuukuu, akauchovya kwenye dawa nyeusi ya viatu, akajipaka. Aliyeijua siri hiyo duniani alikuwa mmoja tu, mke wake, naye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki na siri yake.

Siku hizi mzee aliishi na binti yao wa kati. Nyumbani walimwita Kimya tangu utoto, kwa sababu mgeni akibisha hodi alikuwa anajibanza nyuma ya kabati mpaka mgeni aage. Sasa alikuwa mtafiti kwenye maabara ya vyura upande wa pili wa mji, na Jumatatu moja alirudi kutoka huko uso umemshuka.

"Baba, nikikuomba kitu hutanicheka?"

"Omba, mama. Kucheka nitacheka nikiwa peke yangu."

"Naomba unywele mmoja wa nyusi zako."

Mzee aliweka kikombe chini taratibu.

Kimya akamweleza. Kiinitete cha chura, yaani yai lililoanza kugawanyika ili liwe kiluwiluwi, kina ukubwa wa punje ya mtama na ulaini wa kukuaibisha. Ukikigusa kwa wembe kinamwagika kama uji. Kwa hiyo wanaofanya kazi hiyo wanachukua unywele wa nyusi, wanaupachika kwenye ncha ya mrija wa kioo, wanaukaza kwa tone la rangi ya kucha, basi hicho ndicho kisu. Unywele wa kichwani hauna ncha nzuri. Wa kope umepinda mno. Wa nyusi ndio wenye ugumu na ncha inayoishia kusikoonekana. Kisu chake cha zamani, ambacho unywele wake aliupata kwa mwenzake mmoja aliyehama, kilikuwa kimevunjika asubuhi hiyo.

"Na za kwako je?"

"Za kwangu ni za mama. Laini kama vumbi. Zinajikunja tu."

"Kwa hiyo serikali, chuo, wasomi wote hao," mzee alisema, na kifua kikaanza kuvimba, "wamekwama mpaka nyusi zangu zifike?"

"Nimekwama mimi, baba." Hakucheka. "Ijumaa profesa anaamua. Nikishindwa, meza yangu ya dirishani na hadubini yake vinakwenda kwa watu wa samaki, watafiti wa jirani, mimi narudi nyuma kuosha matangi. Miaka yangu yote imeishia hapo."

Mzee akaacha kuvimba. "Unashindwa nini, mama? Nieleze kama unavyomweleza mtu mwenye akili."

"Ngozi ya kiinitete ina tabaka mbili. Seli za juu ni nyeusi, zimeelekea maji. Za chini ni nyeupe, zimefichwa, maji haziyajui kabisa. Mimi nasema nikizichukua hizi za chini peke yake, nikaziacha bila mtu wa juu yake, zitajigeuza zenyewe ziwe ngozi kamili. Profesa anasema nachanganya. Anasema kila nikikata, seli nyeusi kadhaa zinanifuata bila mimi kujua, na hizo ndizo zinazojenga ngozi. Anataka donge safi la seli za chini, lisilo na hata doa jeusi."

Mzee alikwenda kwenye kioo, akazikagua nyusi zake kama mtu anayechagua fahali wa mahari. Akaukamata mmoja wa katikati, mnene, mnyoofu, mweusi kuliko wenzake. Akaung'oa bila hata kupepesa.

"Kwa sharti moja. Popote unywele wangu unapokwenda kufanya kazi, mwenyewe nitakuwepo."

Maabara ilimshangaza kwa unyenyekevu wake. Alitegemea taa za rangi. Akakuta chumba chenye harufu ya kisima, matangi yaliyopangwa ukutani, na pampu inayokoroma kama mlinzi. Ndani ya matangi walielea vyura bapa, macho yamekaa juu ya utosi kama watu wanaosubiri kitu kidondoke kutoka darini.

"Hawana ulimi hawa," Kimya alisema.

"Basi hawawezi kunisengenya," mzee akajibu. "Tutaelewana."

Jumanne hiyo alikalishwa kwenye kigoda, akaambiwa asiguse kitu, akamwangalia binti yake akiinama juu ya hadubini. Kisu cha nyusi kilikuwa mkono wa kulia, kibano chembamba mkono wa kushoto, na pumzi ilikuwa imebanwa. Mikono ile ilikuwa ya mama yake anapotunga uzi kwenye sindano. Kazi ilipokwisha, vijitonge vya seli nyeupe vilikusanywa kwenye kishimo kidogo chini ya sahani, na Kimya akasema sasa ni kusubiri.

Kesho yake profesa akafika, mama mmoja mfupi mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba shingoni. Akamsalimia mzee kwa heshima, akauliza habari za nyumbani, kisha akainama kwenye hadubini. Aliangalia kwa muda mrefu. Alipoinuka hakuwa na furaha.

"Mwanangu, umeona hivi vidoa?"

Kimya akaangalia. Juu ya donge, huku na huku, vilikaa vidoa vyeusi.

"Seli za juu ni nyeusi," profesa alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma. "Umezibeba tena. Mimi sikukatazi kuamini, lakini siwezi kuandika imani. Chura wako wa mwisho anataga kesho, siyo? Jaribu mara hiyo moja. Ijumaa tuangalie, tufunge hesabu."

Akaondoka. Kimya akabaki amesimama, mikono imening'inia. Mzee alinyanyuka nusu kutoka kwenye kigoda, akakaa tena.

Kimya akarudi kwenye hadubini. Akaangalia tena. Akachukua kibano, akagusa doa moja. Doa likaachia, likapanda juu ya maji, likaelea.

"Seli haielei hivi," alisema kama anayejisemea. Akasogeza taa. "Wala haing'ai kama mafuta."

Akachukua kisu chake cha nyusi, akakiinua kwenye mwanga, akakisogeza puani. Akanusa. Akanusa tena. Kilikuwa kinanuka Jumatatu asubuhi ya shule ya msingi, viatu vimepangwa mlangoni.

Akageuka polepole kwenye kiti chake, akaangalia uso wa baba yake, kisha macho yake yakapanda kidogo.

"Baba."

"Unajua ile radi, mama, ilikuwa na moshi mzito sana na..."

"Baba."

Mzee aligusa unyusi mmoja, akaangalia kidole chake.

"Ya kopo," mzee akasema. "Nyeusi. Ile ya viatu."

Alitegemea ukali. Angeupokea, ulikuwa haki yake. Lakini Kimya alivuta pumzi, akauliza kitu kingine kabisa. "Mama alijua?"

"Alikuwa ananikumbusha ikikaribia kwisha."

Kimya akaziba mdomo, na mabega yakaanza kumtikisika, na mzee hakujua kama ni kilio au kicheko mpaka sauti ilipotoka, ikawa vyote viwili.

Mzee akasimama. Mlango wa maabara ulikuwa wazi, na wanafunzi wawili wa samaki walikuwa wanapita na ndoo. Kulikuwa na njia ndefu ya kurudi nyumbani, yenye duka, kijiwe, na mafundi wote waliomjua. Alikwenda kwenye sinki akafungua maji ya moto. Akachukua sabuni ya mche, akajisugua nyusi. Maji yalitiririka meusi, kisha kijivu, kisha safi. Alipoinua kichwa akajikuta kwenye kioo cha kabati la vyombo: mzee mmoja mwenye nyusi nyeupe, ambaye hakuwa amekutana naye miaka mingi.

"Chagua," akasema, akainama mbele ya binti yake. "Sasa ni zenyewe."

Kimya hakuchagua haraka. Alimshika kidevu kama yeye alivyozoea kuwashika wateja, akamwelekeza kwenye dirisha, akatafuta. Aliung'oa mmoja wa pembeni, mrefu, mgumu kama waya, mweupe kuliko chumvi.

Alhamisi, chura alipotaga na mayai yakafika umri wa kukatwa, Kimya alikata tena. Safari hii alimwita mzee aangalie kupitia mrija wa pili wa hadubini.

Mzee aliinama. Kwanza aliona kope zake mwenyewe. Kisha akaona dunia.

Kiinitete kilikuwa kikubwa kama mwezi. Nusu ya juu ilikuwa ya kahawia iliyokolea hadi kuwa nyeusi, nusu ya chini nyeupe kama maziwa, na pale vilipokutana rangi zilififia taratibu kama anga la alfajiri. Halafu kutoka pembeni ya dunia ukaingia mkuki wa fedha, unang'aa kwa taa, na ncha yake inakonda, inakonda, mpaka jicho linaukosa. Ilimchukua muda kutambua kuwa ule ni unywele wake. Ule ule aliouficha kwa dawa ya viatu. Ulipita kwenye tabaka jeusi, ukalifunua kama anayefunua shuka la mtoto aliyelala, na chini yake zikaonekana seli nyeupe, zimebanana, za duara, kila moja ina aibu yake.

"Unauona vizuri kuliko ule mweusi?" mzee alinong'ona.

"Mara kumi," Kimya alinong'ona. "Usinichekeshe, baba. Mkono."

Ijumaa walifika mapema, kabla ya profesa. Kimya hakutaka kuangalia wa kwanza.

"Angalia wewe. Niambie."

"Niangalie mimi? Mimi nitakuongezea."

"Leo usiongeze."

Mzee akainama.

Donge la jana lilikuwa rundo, kama mawe yaliyomwagwa na lori. Leo halikuwepo. Mahali pake palikuwa na mpira. Laini, umelingana pande zote, na juu yake seli zimeshikana ubavu kwa ubavu bila hata upenyo wa sindano, kama vigae vilivyowekwa na fundi asiye na haraka. Hapakuwa na doa jeusi hata moja. Na mpira ule ulikuwa unazunguka.

Hakuna aliyeugusa. Hakuna upepo ndani ya maji. Ulikuwa unazunguka wenyewe, polepole, kwa utulivu wa kitu kinachojua kinakwenda wapi.

"Mama," mzee aliita, na sauti yake haikuwa ile ya kijiweni. "Kinazunguka. Nani anakizungusha?"

Kimya akaweka jicho kwenye mrija wake. Kisha akaongeza nguvu ya kioo, na kingo za mpira zikasogea karibu, na mzee akaona: huku na huku, zikiwa zimetengana vizuri, seli fulani zilikuwa zimeota manyoya. Vijinywele vingi kila moja, vinapiga maji kwa pamoja, vinainama na kuinuka kama shamba la nyasi lililopuliziwa.

"Hizo zimechagua kuwa za manyoya," Kimya alisema. Alikuwa anaongea taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtu. "Zinasukuma maji. Hizo pana zilizo katikati yake ni za ute, zinapaka mwili wote utelezi. Na zile ndogo pale, unaziona? Hizo zinapima chumvi, hii iingie, hii itoke. Na nyingine zinatengeneza dawa ya kufukuza wadudu. Jana zote zilikuwa sawa. Ungeniuliza ipi itakuwa ipi, nisingejua."

"Nani amezigawia kazi?"

"Zenyewe. Moja ikianza kuota manyoya, inawaambia zilizo karibu nayo: hii nimechukua, ninyi tafuteni nyingine. Ndiyo maana zimetengana hivyo. Hazigombani."

"Na hiyo ngozi? Hizi si zilikuwa za ndani? Si ulisema maji haziyajui?"

"Haziyajui." Kimya akajifuta jicho kwa mgongo wa mkono, akarudi kwenye kioo. "Zilizokaa pembeni zimejikuta hakuna aliye mbele yake. Kati yake na maji hakuna mtu. Basi zikajikaza, zikashikana, zikawa ngozi. Hakuna aliyeziambia, baba."

Macho ya mzee yalikuwa kwenye mpira, lakini mawazo yake yalikuwa nyumbani kwake, siku zile za baada ya mazishi ya mkewe. Watu wanabisha hodi, yeye amekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, wanawe wakubwa wanatazamana. Na kutoka nyuma ya kabati anatoka mtoto aliyekuwa haonekani na mgeni, anakwenda mlangoni, anafungua, anasema karibuni. Tangu siku hiyo mlango ni wake. Mtaa mzima unapita kwake kwanza ndipo umfikie baba. Na yeye, mwenye hadithi ya kila kitu, hakuwahi kuisimulia hiyo, kwa sababu hakuwa ameiona.

"Ulikuwa unajibanza nyuma ya kabati," akasema.

"Nani?"

"Hakuna. Endelea kuangalia."

Profesa alipoingia hawakumsikia. Ilibidi akohoe. Kimya akampisha kiti. Mama yule akavaa miwani, akavua, akainama. Alizungusha sahani. Alitafuta doa jeusi upande huu, akatafuta upande ule, akasubiri mpira ujigeuze wenyewe umwonyeshe mgongo. Ukajigeuza. Mgongo nao ulikuwa mweupe.

Alipoinuka, kamba ya miwani ilikuwa imemnasa kwenye sikio, wala hakuiondoa.

"Umekata kwa kisu gani?"

Kimya akamkabidhi kisu. Profesa akakielekeza dirishani, akauona unywele, mweupe, hauna waa. Kisha akamgeukia mzee, ambaye juzi alikuwa na nyusi nyeusi tii, akamtazama usoni kwa makini ya kisayansi kabisa.

"Sitauliza," akasema.

"Ahsante, mama," mzee akajibu.

"Watu wa samaki watatafuta meza nyingine," profesa alisema, na akainama tena kuangalia, na hakuna aliyemwambia kuwa zamu yake imekwisha.

Jioni, kinyozi mstaafu alipita kijiweni kwa fundi saa. Alikuwa ameazimia kupita upande wa pili wa barabara, lakini miguu ina mazoea yake. Fundi saa, rafiki yake wa tangu ujana, aliinua kichwa kutoka kwenye saa aliyoifungua, kile kioo chake kidogo kikiwa bado kimebanwa jichoni. Akaganda.

"Wewe! Nyusi zimepatwa na nini? Umeona jini?"

"Sogeza kiti."

"Radi imerudi kuchukua mali yake!" Wenzake wawili kwenye benchi wakaangua kicheko. "Haya tuambie. Leo ni ipi?"

Mzee akakaa. Akawasimulia. Alianza na unywele, akaja kwenye seli za ndani zilizojikuta nje, zikajivika ngozi bila kufundishwa. Zikagawana kazi bila mnyapara. Hii ikaota manyoya, hii ikatoa ute, hii ikapima chumvi. Na rundo la jana likawa mpira, na mpira ukaanza kuzunguka wenyewe ndani ya maji, peke yake, kama dunia. Mara kadhaa alifika mahali ambapo siku zote huwa anaongeza. Alisimama, akapaangalia, akakuta hapana nafasi.

Alipomaliza, fundi saa akatoa kile kioo jichoni, akakifuta kwa kitambaa, akatikisa kichwa.

"Ndugu yangu, nimekusikiliza miaka yote. Lakini leo umezidisha."

Mzee alipapasa unyusi wake mweupe, pale pembeni palipobaki pengo dogo.

"Nimepunguza," akasema. "Wallahi nimepunguza."